Mifupa ya Wanaume wa Nyumba Yako



Ukifika kliniki, tunasema nawe juu ya mimba, juu ya chanjo, juu ya kilo za mtoto. Leo tunataka kusema nawe juu ya jambo ambalo mama wengi hawajalisikia hata siku moja: mifupa ya bwana yako na ya vijana wako.

Labda utauliza, "Sasa hii munaniambia mimi juu ya nini? Mambo ya wanaume muambie wanaume." Tunakuambia wewe kwa sababu mbili. Ya kwanza: wanaume hawaji kliniki, wewe unakuja. Ya pili: shida hii ina haya ndani yake, na mwanaume mwenye haya anaificha mpaka siku mfupa unavunjika. Siku ile ni wewe utamlisha, utamwogesha, utamgeuza kitandani, na tena utaenda shambani peke yako. Basi heri ujue mbele.

1. MFUPA UNA UZIMA

Watu wengi wanafikiri mfupa ni kama jiwe. Sivyo. Mfupa una damu ndani yake, unakua, unachakaa, na unatengenezwa upya siku zote za maisha.

Fikiri nyumba ya miti na udongo. Kila mwaka unaondoa udongo uliopasuka na kusiriba mwingine. Ukiondoa bila kusiriba, ukuta unakuwa mwembamba. Ndani ya mfupa vilevile kuna wafanyakazi wa namna mbili. Wamoja wanabomoa mfupa uliochakaa, wengine wanajenga mpya. Kwa mtoto na kijana, wajenzi wanashinda, na mifupa inaongezeka nguvu mpaka miaka 20 na kitu hivi. Nyuma ya miaka 30, mtu haongezi tena mingi, kazi yake ni kulinda ile aliyoweka akiba. Kijana asiyeweka akiba wakati wake ataingia katika uzee na gala nusu tupu.

Kazi hii ina kapita wake. Kwa mwanaume kapita huyo anaitwa testosteroni. Ni maji ya nguvu ambayo mwili unatengeneza ndani ya mapumbu na kuyatia katika damu. (Tunataja jina la kiungo bila kucheka, kwa sababu ni kiungo kama mkono au jicho.) Testosteroni inaleta ndevu, sauti nzito, nyama za mikono, hamu ya ndoa na mbegu ya kuzaa. Hayo watu wanayajua. Lakini wachache wanajua kwamba inasimamia mifupa pia. Sehemu yake ndogo mwili unaigeuza kuwa homoni ya kike, ile ambayo wewe mama unayo kwa wingi, na hiyo ndiyo inawazuia sana wale wabomoaji wasipite kiasi. Hata kwako ni hivyo: mwanamke akiacha kuona mwezi kwa sababu ya umri, kapita wake anaondoka, na mifupa yake inaanza kuwa myepesi.

Testosteroni ikipunguka sana, wabomoaji wanaendelea na wajenzi wanabaki nyuma. Hakuna maumivu, hakuna homa. Kwa nje mtu anaonekana mzima. Ni kama mti wa nyumba ambao mchwa wamekula ndani: unasimama sawasawa mpaka siku mtu anauegemea.

2. NI NANI ANAWEZA KUKOSA TESTOSTERONI?

Tuanze na watoto.

Mtoto ambaye mapumbu hayajashuka. Kwa watoto wanaume waliozaliwa na miezi mitimilifu, karibu 3 kwa kila 100 wanazaliwa hivi. Kwa waliozaliwa mbele ya wakati ni wengi zaidi. Mara nyingi pumbu linashuka lenyewe katika miezi ya kwanza. Lakini likiwa halijashuka mtoto akiwa na miezi 6, haliwezi kungojewa tena. Inapashwa munganga amwone na apasuliwe mbele ya mwaka mmoja, au mwaka mmoja na nusu kwa kuchelewa. Ikiwa yote mawili yamebaki tumboni miaka mingi, joto la mle linayaharibu. Unapomwogesha mtoto, gusa taratibu kifuko chake. Ukikuta kitu kimoja tu, au hakuna kitu, utuambie siku ya chanjo.

Kijana aliyeshikwa na maumivu makali ghafula katika pumbu. Inaweza kuwa limejisokota na damu imefungwa. Usimkande na maji ya moto, usingoje asubuhi, usimwache ajifiche. Mlete hospitali mbio. Ndani ya saa 6 mara nyingi pumbu linaokolewa. Kesho yake mara nyingi limekwisha kufa.

Mtoto mwenye ugonjwa wa SS. Katika miji yetu kama Kinshasa na Kisangani, karibu mtoto 1 kwa kila 100 anazaliwa nao. Vijana hawa wanachelewa kuingia utu uzima, na wengine wanakosa testosteroni ya kutosha. Ugonjwa wenyewe pia unapiga mifupa. Kwa hiyo kijana wa SS ana sababu mbili za kuchungwa.

Kijana aliyezaliwa na namna nyingine ya mbegu za urithi. Karibu mwanaume 1 kwa kila 600 ana alama moja ya urithi iliyozidi. Madaktari wanauita ugonjwa wa Klinefelter, kwa jina la munganga wa Marekani aliyeueleza mwaka 1942. Mtoto anaonekana kama wenzake. Baadaye anakuwa mrefu, mapumbu yanabaki madogo na magumu, ndevu ni chache, na matiti yanaweza kukua. Si ulozi, na si makosa ya mama yake wala ya baba yake.

Sasa wanaume wakubwa.

Mwanaume aliyepata ukoma. Kidudu cha ukoma kinapenda mahali penye baridi ya mwili: pua, masikio, ngozi, na mapumbu vilevile. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya la Dunia linafundisha kutibu ukoma na dawa zaidi ya moja pamoja, na dawa hizo zinaua kidudu kweli. Lakini pumbu lililokwisha kuharibika halirudi. Mtu amepona, ameacha dawa, hana tena ugonjwa wa kuambukiza mtu, na bado mifupa yake inapunguka kimya.

Mwanaume aliyeshikwa na ugonjwa wa kuvimba mashavu (matumbwitumbwi) akiwa kijana mkubwa au mtu mzima, na mapumbu yakavimba pande zote mbili.

Mzee mwenye kansa ya prostati, ile tezi iliyo chini ya kibofu cha mikojo. Kansa hiyo inakula testosteroni. Kwa hiyo waganga wanaondoa mapumbu, au wanatoa sindano ya kuyanyamazisha. Matibabu hayo ni mazuri na yanamwongezea mzee siku. Lakini mifupa inapoteza nguvu upesi, zaidi sana katika mwaka wa kwanza.

Mwenye kuishi na virusi vya SIDA, mwenye ugonjwa mrefu wa ini au wa figo, na mtu aliyekaa na njaa siku nyingi. Wao wote wanaweza kukosa testosteroni. Njaa ikiisha na ugonjwa ukitibiwa, mara nyingi inarudi.

Mwisho, mtu anayejiharibu na dawa bila kujua. Kuna watu wananunua sokoni vidonge vya dexamethasone au prednisolone ili wanenepe. Wanavimba mashavu na kufikiri ni afya. Vidonge hivi vikitumiwa siku nyingi vinapunguza testosteroni, na tena vinakula mifupa vyenyewe. Dawa kali za maumivu kama tramadol, zikizoelewa kwa miezi, zinaweza kupunguza testosteroni pia. Lakini angalia: anayezitumia kwa amri ya munganga, au aliyezitumia muda mrefu, asiziache ghafula. Aje atuone, tutapunguza pole pole.

3. ALAMA ZA KUANGALIA

Kwa kijana: amefikia miaka 14 na hakuna hata alama moja ya utu uzima. Mapumbu hayajakua, hakuna nywele, sauti ni ya kitoto. Vijana wengi wa namna hii wamechelewa tu, watakua. Lakini ni munganga wa kusema hivyo, si jirani. Kila mwaka unaopotea hapa ni mwaka wa kuweka akiba ya mifupa.

Kwa mwanaume: hamu ya ndoa imekwisha, ndevu zinapunguka, nyama za mikono zinakwisha, matiti yanauma au yanakua, uchovu hauishi, au miaka inapita bila kupata mtoto. Kama tena kichwa kinauma sana na macho hayaoni vizuri pembeni, chanzo kinaweza kuwa katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Huyu asikawie.

Kwa mifupa yenyewe: mtu ameanguka tu kwa miguu yake, si kutoka juu ya mti wala juu ya pikipiki, na mkono au nyonga imevunjika. Au mgongo umelia ghafula alipoinua mzigo. Au mtu anakuwa mfupi, suruali zinaburuta, mgongo unapinda.

Kumbuka jambo moja: mgongo unaopinda unaweza kuletwa na kifua kikuu cha mifupa pia. Kama kuna homa ya jioni, kukonda na jasho la usiku, au miguu inalegea, usiseme ni uzee. Mlete upesi.

4. MFANO WA NYUMBA MOJA

Tutoe mfano, ili mama aone namna jambo hili linaingia nyumbani.

Bwana mmoja alitibiwa ukoma alipokuwa kijana. Alipona, akaoa, walipata mtoto mmoja, kisha basi. Miaka ikapita. Akaanza kulala akigeukia ukuta. Mke wake akawaza, "Ameshaona mwingine." Shangazi wakasema, "Hakuna, wamemufunga." Bwana mwenyewe hakusema neno. Siku moja akainua mfuko wa mihogo, akasikia kitu kinakatika mgongoni. Akasema, "Ni mugongo tu, itapita." Haikupita. Miezi michache tena akateleza kwenye matope karibu na choo, na mkono ukavunjika.

Katika mfano huu hakuna mwanamke mwingine, na hakuna mtu aliyemfunga mwingine. Kuna kiungo kilichoharibiwa na ugonjwa wa zamani, na kwa sababu yake mambo matatu yalikuja pamoja: hamu ilikwisha, uzazi ulisimama, mifupa ililegea. Kama mke angejua kwamba haya matatu yana mzizi mmoja, angeweza kumwambia bwana wake, "Baba, mimi sikugombezi. Twende wote wawili munganga akupime damu." Neno hilo moja, likisemwa usiku bila watu wengine kusikia, lingefika mbele ya mfuko wa mihogo.

Kwa hiyo, mama, usimcheke bwana yako, wala usipeleke siri yake kisimani. Aibu inamrudisha nyuma kuliko umbali wa hospitali.

5. HOSPITALI ITAFANYA NINI?

Munganga atauliza, atapima viungo, na ataomba damu. Damu ya testosteroni inachukuliwa asubuhi mapema, mbele ya kula, maana asubuhi ndipo inapanda. Ikionekana chini, inapimwa mara ya pili siku nyingine. Hatusemi mtu amekosa testosteroni kwa kipimo kimoja tu, wala kwa kumwangalia uso. Kama zoni yenu ya afya haina kipimo hiki, munganga atajua damu ipelekwe wapi.

Picha ya mifupa inaonyesha mahali palipovunjika. Lakini mfupa unaonekana mwembamba katika picha wakati karibu sehemu moja katika tatu imekwisha kupotea. Basi usirudi nyumbani na kusema, "Picha iko muzuri, hakuna shida," kama munganga hajasema hivyo.

6. MANENO YA KWELI JUU YA SINDANO

Testosteroni ilijulikana na kutengenezwa na wataalamu wa Ulaya katika mwaka 1935. Leo iko katika sindano. Kwa kijana ambaye mapumbu yake hayafanyi kazi, na kwa mwanaume ambaye yake yameharibika kabisa, sindano inarudisha kapita kazini. Inapigwa kila juma la pili, la tatu au la nne, namna munganga atakavyopanga, na mara nyingi kwa maisha yote. Mifupa inajengwa tena pole pole, kwa miaka, si kwa majuma. Anayeanza na kuacha anabomoa alichojenga.

Lakini sindano hii si ya kila mtu:

Mwenye kansa ya prostati asiipate kamwe bila munganga wa kansa. Ni kumwaga mafuta juu ya moto.

Mwanaume anayetafuta mtoto aseme mbele. Sindano inazima mbegu. Wengi hawajui, na wananunua sindano ili wazae.

Inaweza kuzidisha unene wa damu. Kwa hiyo anayeitumia anapimwa damu mara kwa mara.

Mzee aliyechoka kwa miaka tu, asiikimbilie ili kulinda mifupa. Mwaka 2024 matokeo ya uchunguzi mkubwa wa Marekani yalitangazwa. Wanaume zaidi ya 5000, wenye miaka 45 mpaka 80, walifuatwa. Waliopewa testosteroni hawakuvunjika kidogo kuliko wengine, bali walivunjika zaidi kidogo. Kwa mzee wa namna hii, kama mifupa yake iko katika hatari, kuna dawa za mifupa zenyewe.

Dawa moja kati ya hizo ni kidonge kinachoitwa alendronate, ambacho wengi wanameza mara moja kwa juma. Kina sheria yake: asubuhi mbele ya kula, na glasi nzima ya maji matupu, kisha mtu asilale kwa dakika 30. Akilala, kidonge kinachoma koo. Mama, wewe ndiwe saa yake: usimpe chai mbele ya dakika hizo kutimia. Mzee mwenye kansa ya prostati anaweza kusaidiwa na dawa za namna hii, hata kama sindano ya testosteroni imekatazwa kwake.

Na mwenye kunywa dawa za virusi vya SIDA asiziache juu ya kuogopa mifupa. Kuna dawa kati ya hizo inayopunguza mfupa kidogo, lakini bila dawa, ugonjwa utachukua yote. Aulize, asiache.

7. KAZI YAKO JIKONI

Wajenzi hawawezi kujenga bila udongo na miti. Udongo wa mifupa ni kalsiamu. Mtu mzima anahitaji karibu miligramu 1000 kila siku, na kijana wa miaka 9 mpaka 18 karibu 1300. Kijana anahitaji zaidi ya baba yake, kwa hiyo usimwekee mkia wa samaki tu.

Bugali peke yake, hata ijaze sahani, ina kalsiamu kidogo sana. Weka pamoja nayo:

Ndagala au sambaza, zikiliwa nzima na mifupa yake na vichwa. Hapa ndipo kalsiamu ilipo. Samaki mkubwa aliyetolewa mifupa hawezi kulingana nazo. Konzi moja ya ndagala kavu, ikitwangwa, inaingia hata katika uji wa mtoto au katika sombe.

Maziwa, mtindi, au jibini ya Masisi kwa wanaoipata. Glasi kubwa ya maziwa ina karibu miligramu 300.

Sombe, lengalenga, na majani mengine ya kijani. Mwili hauchukui kalsiamu yake yote, lakini majani ni ya kila siku, na kidogo cha kila siku ni kitu.

Maharagi, soja, karanga na ufuta. Mfupa si kalsiamu tupu, una nyuzi ndani kama fito za ukuta, na nyuzi hizo zinatoka katika vyakula vya kujenga mwili.

Mama wengine wanachemsha mifupa ya ng'ombe usiku kucha na kusema mchuzi ule unatia nguvu mifupa. Mchuzi ni mtamu, lakini kalsiamu inabaki ndani ya mfupa ule uliotupiwa mbwa. Nunua ndagala na franga zile.

Kisha jua. Jua likigusa ngozi, mwili unatengeneza vitamini D, na bila hiyo kalsiamu inapita tumboni na kutoka. Mwenye kulima analipata bila kuhangaika. Wanaolikosa ni mgonjwa anayelala chumbani, sentineli anayelinda usiku na kulala mchana, na mchimbaji anayeshinda chini ya udongo. Ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi ya nyeupe. Mtoe mgonjwa inje, mikono na miguu iwe wazi.

8. MWENDO, POMBE, NA KUANGUKA

Mfupa usiofanya kazi unapunguka. Mtu mwenye testosteroni kidogo asiwekwe kwenye kiti kama mgeni. Atembee kila siku, alime kwa kiasi, apande kilima, anyanyuke kwenye kiti mara kumi bila kujishika. Aliyevunjika uti wa mgongo asiiname na kuinua mzigo kwa mgongo. Apige magoti, ashike kitu karibu na kifua, au amwite mwingine.

Kanyanga na kasiksi kwa wingi zinapunguza testosteroni, zinalegeza mfupa, na tena zinamwangusha mtu njiani: mara tatu kwa chupa moja. Tumbaku pia inaharibu mifupa.

Na kwa kuwa mara nyingi mfupa mwembamba haukatiki mpaka mtu aanguke au ainue, zuia kuanguka. Njia ya kwenda choo iwe na changarawe, si matope matupu. Usiku kuwe na taa au tochi karibu na kitanda. Ndoo na jembe visilale mlangoni. Mzee asiyeona vizuri apimwe macho. Mwenye ukoma wa zamani, ambaye miguu yake haisikii, avae viatu vinavyomshika. Fimbo si aibu. Fimbo ni mguu wa tatu, na bei yake ni ndogo kuliko ya kitanda cha hospitali.

9. YA KUKUMBUKA

Testosteroni si ya ndevu na ya ndoa tu. Ni kapita wa mifupa.

Pumbu ambalo halijashuka kwa miezi 6: mlete mtoto. Maumivu ya ghafula: mlete mbio, saa hiyohiyo.

Kijana wa miaka 14 bila alama: aonekane na munganga.

Bwana aliyepona ukoma, au aliyeondolewa mapumbu juu ya kansa, au mwenye ugonjwa mrefu: uliza juu ya mifupa yake mbele hajavunjika.

Chakula bila matibabu hakitoshi kwa aliyekosa kapita. Matibabu bila chakula na mwendo hayatoshi vilevile.

Usinunue sindano wala vidonge vya kunenepesha sokoni.

10. MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

Mama, jibuni haya pamoja mbele ya kurudi nyumbani. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake.

1. Kwa nini mwanaume aliyepona ukoma anaweza kuvunjika mfupa miaka mingi baadaye?

2. Kijana anaamka usiku akilia kwa maumivu ya pumbu. Baba yake anasema, "Tungoje asubuhi." Wewe utasema nini?

3. Jirani anataka kununua sindano ya testosteroni ili apate mtoto. Sindano hiyo itafanya nini kwa mbegu yake?

4. Jana ulipika nini? Ndani ya sahani ile kalsiamu ilikuwa wapi, na nani alipata sehemu kubwa?

5. Utamwambia namna gani bwana yako aje kupimwa, bila kumtia haya?

Swali la tano ndilo gumu kuliko yote, na hakuna munganga anayeweza kulijibu mahali pako. Jizoezeni maneno yenyewe, kila mmoja kwa lugha ya nyumba yake. Bwana akikubali kuja, aje asubuhi mapema bila kula, nawe uje pamoja naye. Tutawapokea wote wawili katika chumba chenye mlango uliofungwa.